Vipimo vya Ulinganifu Kabla ya Kupandikizwa Figo

Familia nyingi zinazojitokeza kumchangia mgonjwa figo hudhani kwamba kazi ya maabara ni kumtafuta ndugu anayefanana naye zaidi. Kufanana kuna uzito wake, lakini swali kubwa zaidi ni jingine: je, damu ya mgonjwa tayari ina kingamwili zitakazoishambulia figo ya ndugu huyo mara itakapowekwa?

Hatua ya kwanza ni kundi la damu, ambalo hufuata kanuni ileile ya kuongezewa damu, isipokuwa alama ya chanya au hasi, inayowatia watu wasiwasi mwingi, haizuii upandikizaji wa figo. Baada ya hapo hupimwa protini za HLA, ambazo kinga ya mwili huzitumia kutofautisha seli zake na za mtu mwingine. Vinasaba vyake viko katika kromosomu ya 6, na kila mtu hurithi seti moja kwa baba na nyingine kwa mama. Kwa hiyo mzazi na mtoto hulingana angalau nusu, ilhali ndugu wa baba na mama mmoja wana uwezekano wa asilimia 25 wa kulingana kikamilifu, asilimia 50 wa kulingana nusu, na asilimia 25 wa kutorithi seti hata moja inayofanana. Kipimo hiki kinaweza pia kufichua kwamba uhusiano wa damu si ule ambao familia imeuamini siku zote, na kwa maoni yangu jambo hilo lapaswa kuelezwa kwa wahusika kabla sindano haijaingia mkononi.

Upandikizaji wa figo wa kwanza kufanikiwa, uliofanyika Boston mwaka 1954, uliwahusisha mapacha wa kufanana. Leo, kwa msaada wa dawa za kushusha kinga, hata mume anaweza kumpa mkewe figo ingawa HLA zao hazilingani.

Kinachoweza kumzuia mume huyo ni kipimo cha tatu. Maabara huchukua seli nyeupe za mchangiaji na kuzichanganya na seramu ya mgonjwa, yaani majimaji ya damu yenye kingamwili, kisha huangalia kama zinashambuliwa; zikishambuliwa, kipimo ni chanya. Mwaka 1969 watafiti Patel na Terasaki walichapisha nchini Marekani matokeo ambayo bado yanaheshimiwa: kati ya figo 30 zilizopandikizwa licha ya kipimo hicho kuwa chanya, 24 zilishindwa kufanya kazi papo hapo, lakini kati ya 195 ambazo kipimo chake kilikuwa hasi, zilizoshindwa zilikuwa 8 tu. Figo inaposhambuliwa hivyo, damu huganda ndani ya mishipa ya figo kwa dakika au saa chache, na aghalabu figo hulazimika kuondolewa.

Kingamwili hizo hutokana na mimba, kuongezewa damu au upandikizaji uliotangulia. Mama mjamzito hukutana na protini ambazo mtoto amezirithi kwa baba yake, na ndiyo sababu figo ya mume, au ya mtoto aliyemzaa mwenyewe, huweza kukataliwa na maabara. Mimba zilizoharibika nazo zitajwe, hata kama ni za miaka mingi iliyopita. Kwa wagonjwa wanaosafishwa damu, upungufu wa damu ni tatizo la kawaida, na kila chupa wanayoongezewa inaweza kuzalisha kingamwili mpya. Sindano za erithropoietini, homoni inayochochea mwili kutengeneza seli nyekundu za damu, na madini ya chuma hupunguza haja hiyo.

Nchini Tanzania, ambako Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, wachangiaji ni ndugu walio hai. Kipimo cha mmoja kikiwa chanya, mwingine wa familia hiyohiyo anaweza kufaa, kwa kuwa kingamwili hulenga protini mahususi. Hata kikiwa hasi, hurudiwa upasuaji unapokaribia, na mgonjwa aliyeongezewa damu katika kipindi hicho amweleze daktari wake mapema, kwa kuwa kingamwili zinaweza kuchukua wiki kadhaa kuonekana na huenda upasuaji ukaahirishwa.