Kinyonga wa kwanza nyumbani: sahau taa, fikiria kivuli

Mtu anayetaka kufuga kinyonga hapa Uganda karibu kila mara huanza kwa kuniuliza habari za taa. Ametazama video za wafugaji wa Ulaya na Marekani, ameona taa za joto, taa za UVB, miale inayopatikana kwenye jua, na mashine za kutoa ukungu, basi anafika kliniki yangu ya wanyama na orodha ya vifaa ambavyo bei yake inatosha kununua mbuzi. Humwambia aikunje arudishe mfukoni. Wale wanapambana na majira ya baridi. Sisi tuko kwenye Ikweta, Kampala iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mchana joto hufika nyuzi 27 au 28 na usiku hushuka hadi 17 hivi. Kwa kinyonga wa mashambani mwenye vipande vya ngozi vinavyoning'inia shingoni, ambaye jina lake la kitaalamu ni Chamaeleo dilepis, hayo ndiyo maisha aliyoyazoea. Wanaoletwa kwangu wakiwa mahututi wamepigwa na kiu, au na joto la mabati, au wameshikwashikwa mpaka wamechoka.

Lakini kwanza kibali. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, mnyamapori ni mali ya umma iliyo chini ya serikali, na kumtoa porini ukamfuga bila idhini ya Mamlaka ya Wanyamapori, yaani UWA, ni kosa. Hata kama umemwokota kwenye ua wako. Vinyonga wetu wakubwa pia wako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, kwa hiyo huwezi kumvusha Busia au Mutukula kwenye begi bila karatasi. Nenda ofisi za UWA pale Kamwokya uulize kabla hujatoa pesa. Anayekuuzia kinyonga kando ya barabara, akiwa ndani ya boksi la viatu, mkatalie, maana ukimnunua tu, kesho atakuwa ameleta wengine watano. Na yule wa pembe tatu wa milima ya magharibi, Trioceros johnstoni, si wa mtu anayeanza. Amezoea misitu yenye ubaridi. Chumba cha mjini chini ya bati humuua polepole.

Kibanda mtengenezee Katwe, kwa mafundi wa chuma wa Kampala. Mwambie fundi akuchomelee fremu ya upana wa sentimita 60 kila upande na kimo cha 120, kisha uizungushie wavu laini wa kuzuia mbu kama wa madirishani. Kioo usikitie. Kioo huzuia UVB, miale ambayo mwili wa kinyonga huitumia kutengeneza vitamini D3, na zaidi ya hapo hufungia joto ndani. Weka kibanda barazani mahali panapopata jua la asubuhi, tuseme saa moja hadi saa nne, na uhakikishe nusu yake nzima ina majani ya kujificha. Kinyonga hupanda juani akihitaji joto na kurudi kivulini likimtosha. Usipompa kivuli, umemwanika. Akifunua mdomo na rangi yake ikapauka, joto limeshamzidi, mwondoe hapo mara moja.

Ndani weka mmea hai kwenye chungu, mfano haibiskasi au mutuba mchanga (mti wa kutengenezea nguo za magome), uliooshwa vizuri kama umetoka kwa wauza miche wanaopulizia dawa. Ongeza vijiti vya unene tofauti, vingine vimelala, vingine vimeinama. Kibanda kiwe juu ya meza, kinyonga aweze kukaa juu ya kimo cha macho yako. Akitazamwa kutoka juu huona ni ndege anayemwinda.

Miguu ya meza hiyo iweke kwenye makopo yenye maji ya sabuni. Hili hulikuti kwenye video za Ulaya kwa sababu wao hawana siafu. Msafara wa siafu ukipita usiku, kinyonga wa porini atahama tawi kwa tawi. Wako amefungiwa. Angalia makopo kila jioni, hasa miezi ya mvua, na ukate tawi lolote la nje linalogusa wavu.

Maji ya kwenye bakuli hatayatambua. Yeye hunywa matone yanayong'aa kwenye majani. Nyunyizia asubuhi na jioni, au toboa chupa ya plastiki tundu dogo kama la sindano, uitundike juu ya mmea idondoke taratibu, chini uweke beseni. Kati ya mnyunyizo mmoja na mwingine majani yakauke, kwani unyevu usiokauka huleta ugonjwa wa mapafu. Choo chake kitakuambia kama anakunywa vya kutosha: sehemu ngumu inayotoka pamoja na kinyesi inapaswa kuwa nyeupe. Ikiwa ya njano au ya rangi ya chungwa, ana kiu.

Wiki mbili za kwanza, mwache. Funika pande tatu za kibanda kwa kitambaa, mpe maji na chakula, ondoka. Asipokula siku moja au mbili usiogope. Akiwa mweusi mweusi, amejibana nyuma ya tawi, ana hofu. Akilala usiku akiwa amepauka, hiyo ni kawaida. Akifumba macho mchana, huo ni ugonjwa. Wateja wangu wengi hawapendi kusikia kwamba hata akizoea, kinyonga hatafurahia kubebwa. Kama unataka mnyama wa kupakata, chukua sungura. Na vinyonga wawili usiwaweke kibanda kimoja, hata kama ni dume na jike. Kuonana tu kila siku huwachosha.

Sasa chakula, na hapa Uganda tumebarikiwa. Nyenje ndio wawe msingi, na siku hizi wako watu wanaowafuga. Mende wa jikoni usimpe, huenda amepuliziwa dawa. Msimu wa senene ukifika, mwezi Novemba na tena karibu na Mei, kila mtu ananiuliza kama kinyonga naye anaweza kula. Anaweza, akiwa hai. Wale wa sokoni waliokwisha kunyofolewa mabawa na miguu waleni ninyi na familia: kinyonga hurusha ulimi kwa kitu kinachotembea. Mdudu asizidi nafasi iliyo kati ya macho ya kinyonga. Kinyonga mchanga ale kila siku, mkubwa ale siku moja, ya pili apumzike. Vimulimuli usijaribu kabisa, baadhi yao wana sumu inayoua mijusi.

Kabla ya kumpa nyenje, walishe hao nyenje wenyewe kwa siku nzima. Sukuma wiki na karoti ni bora kuliko dodo, yaani mchicha, kwa sababu dodo ina oksaleti nyingi inayofunga kalsiamu. Kisha wapake unga mwepesi wa kalsiamu isiyo na fosforasi. Mimi huona miguu iliyopinda na taya laini kama mpira kwa vinyonga waliolelewa ndani ya nyumba kwa nyenje watupu. Ulimi unaokosa shabaha mara kwa mara ni dalili ya mapema, usiisubiri miguu ipinde.

Kuna pia majirani. Wengi tumekua tukiambiwa kinyonga ni mkosi, na mteja mmoja aliniambia, "Daktari, mama mwenye nyumba kasema nichague mmoja, yeye au hicho kitu." Waite wamwone mapema, kuliko mtoto wa jirani akutane naye ukutani akiwa na fimbo. Waeleze hana sumu. Akiuma anabana tu. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kugusa kibanda, anaweza kubeba salmonela, vijidudu vinavyoleta kuharisha.

Ukiwa na jike anayetaga, siku moja utamwona akizunguka sakafuni akikwaruza. Mwekee ndoo yenye mchanga mbichi wenye kina cha sentimita 25 au zaidi, mchanga unaoshikamana ukiufinya, umfunike asione watu. Jike aliyekosa pa kuchimba hubaki na mayai tumboni, na akifikia hapo kwangu ni upasuaji. Akikwaruza siku mbili bila kutaga, huku macho yameanza kuzama, mlete asubuhi, kwenye boksi lenye matundu na kijiti cha kushikilia, na sampuli ya kinyesi kwenye kichupa safi. Dawa ya minyoo ya mbuzi usimpe kwa kukisia njiani.