Kuchuja bandama sio kupata seli T safi

Wengi wanadhani ukishaponda bandama ya panya ukaipitisha kwenye chujio la maikroni 70 basi una seli T safi (aina ya seli nyeupe za kinga ya mwili), hapana jamani, chujio linatoa mabonge tu, seli zenyewe zote zimepita na humo seli B, aina nyingine ya seli za kinga, ndo nyingi, karibu nusu au zaidi. Kloridi ya amonia nayo inapasua seli nyekundu za damu, basi. Usafi unaanza kwenye kingamwili zenye sumaku, na mi napendelea zile zinazonasa seli zisizotakiwa, maana ukiikamata seli T yenyewe kwa CD3, protini iliyo juu ya seli T, unaweza kuiamsha kabla hata jaribio halijaanza. Halafu pima kwa flosaitometria, yaani mashine inayokagua seli moja moja kwa leza, ukiweka na rangi ya kuonyesha zilizokufa, seli mfu zinanata kingamwili ovyo zinakudanganya.