Kinanda cha mabomba hakikuzaliwa Ulaya wala kanisani

Mgeni akiingia kanisani kwetu, Kanisa la Moravian huku Tukuyu, lazima aonyeshwe kinanda cha zamani pale pembeni. "Hiki ndicho kinanda cha mabomba cha wamisionari," huambiwa.

Sicho. Nimekipiga miaka mingi na nimekifungua kwa mikono yangu. Ndani hakuna bomba hata moja. Kuna mvukuto na safu za ndimi za shaba, nyembamba kama ukucha. Ukikanyaga, hewa hupita na ulimi hutetema. Hii ni hamoniumu, aina iliyotengenezwa na Alexandre Debain mjini Paris miaka ya 1840. Watu wachache wanaibeba, na baridi ya Juni haiisumbui sana. Kinanda cha mabomba kwa kawaida hujengwa kulingana na jengo lake. Kila safu ya sauti huhitaji bomba lake kwa kila kibonye, na katika safu ya kawaida bomba la sauti nzito kabisa hufikia karibu mita 2.4. Hewa ikipoa, sauti ya mabomba hushuka.

Kuna wanaosema pia kwamba kinanda ni kitu cha Wazungu, hivyo si chetu. Hili huniuma, maana kilianzia Afrika! Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Ctesibius, mtoto wa kinyozi aliyefanya kazi Alexandria, Misri, alibuni kinanda kilichotumia uzito wa maji kusukuma hewa kwenye filimbi bila kukatika. Warumi wakakipiga viwanjani, watu wakipigana hadi kufa. Mwaka 757 mfalme wa Constantinople alimpelekea Pepin, mfalme wa Wafranki, kinanda kama zawadi ya ikulu. Makanisa yalikizoea baadaye kabisa.

Wengine hudhani Moravian ni tawi la Walutheri. Umoja wa Ndugu, ndilo jina la asili la Moravian, ulianza Bohemia, Cheki ya leo, mwaka 1457, miaka 60 kabla ya hoja za Luther. Wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891.

Nao, kinyume na wanavyodhani vijana wa kwaya, hawakuwahi kutegemea kinanda peke yake. Tarumbeta ni urithi wao wa tangu zamani. Ibada ya Pasaka alfajiri makaburini ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Kwetu tunapanda makaburini gizani, umande ukilowesha viatu, na hamoniumu inabaki kanisani imefunikwa kitenge. Wapiga tarumbeta hupasha midomo ya shaba viganjani kabla ya wimbo wa kwanza.