Kiti Mwendo, Ulalo na Maji ya Bamvua

Ramadhani ikikaribia kwisha, kitengo chetu cha utengamao, kinachowasaidia wagonjwa na wenye ulemavu kurejea kujitegemea, huanza kupokea swali moja: "Mama yuko kwenye kiti mwendo, tunataka atoke Dar akale Idi Unguja. Boti ataiweza?" Najibu kwamba ataiweza. Kisha nauliza mwezi utakuwa wa ngapi siku ya safari, na mara nyingi anayepiga simu hudhani sikumsikia vizuri.

Mtu wa pwani asishangae. Idi ya Mfungo Mosi huja na mwezi mchanga, na mwezi mchanga huja na bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana. Siku hizo, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa kwenye mkondo wa Zanzibar hufikia takriban mita 4. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana, huweza kuwa mita moja hivi. Gati la zege halipandi wala halishuki. Boti inapanda na kushuka. Kwa hiyo ule ulalo unaounganisha viwili hivi, ambao asubuhi ulikuwa karibu tambarare, jioni unaweza kuwa mlima. Kwenye gati linaloelea mlima hauondoki, unahamia tu kwenye daraja la kutokea nchi kavu.

Tufanye hesabu. Mama ana kilo 70, kiti chake kilo 20. Ulalo una urefu wa mita 8. Mlango wa boti ukiwa nusu mita juu ya gati, anayesukuma anabeba mikononi uzito kama wa kilo 6, kazi ya mtu mmoja asiye na haraka. Mlango ukiwa juu kwa mita 2, uzito huo unafika kilo 22 hivi, juu ya ubao uliolowa maji ya chumvi, na nyuma yako kuna abiria wenye mabegi wanaosema "twende, twende". Kwenye majengo, kipimo kinachokubalika ni kila sentimita moja ya kupanda ipewe sentimita 12 za urefu. Kwa mita 2 ungehitaji ulalo wa mita 24. Sijauona kwenye boti yoyote.

Kwa hiyo angalia kalenda kabla ya kukata tiketi. Pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Boti inayoondoka maji yakiwa nusu, yaani kati ya kujaa na kupwa, mara nyingi ndiyo nafuu. Lakini magati hayafanani, na anayelijua gati lenu ni baharia anayeweka ulalo kila siku. Mpigie, au nenda siku moja kabla ukatazame kwa macho. Idi ya Mfungo Tatu, ile ya kuchinja, ambayo ni tarehe 10 ya mwezi, huangukia karibu na maji mafu, na familia zinazoweza kuchagua huwa nazishauri wamsafirishe mama wakati huo.

Sasa mikono. Miaka kadhaa nyuma nilimsindikiza mama mmoja aliyekuwa amepata kiharusi upande wa kulia. Wapagazi wawili walikuja mbio kwa moyo mwema kabisa, mmoja akashika mkono wa kiti, mwingine akashika kikanyagio, wakanyanyua. Mkono wa kiti ulichomoka kama mfuniko wa sufuria. Umetengenezwa uchomoke, ili mtu aweze kuhamia kitandani kwa kuteleza pembeni. Mama hakuanguka kwa sababu mwanawe alikuwa nyuma ameshika vishikio. Tangu siku ile, kiti chochote kinachotoka kwetu kwenda safari tunakifunga utepe mwekundu sehemu nne za fremu zisizochomoka, na mwenye kiti anafundishwa kusema: "Shika penye nyekundu." Hugharimu pesa ya utepe tu.

Kupanda, uso wa aliyekaa uelekee juu, ainamie mbele kidogo, na mtu wa pili awe nyuma bega kwa bega na msukumaji. Kushuka penye mteremko mkali, kiti kigeuzwe kishuke kinyumenyume, mwili wa msindikizaji ukiwa kizuizi. Vigurudumu vidogo vya nyuma vya kuzuia kubinuka vigeuzwe au vitolewe kabla ya ulalo, maana hukwama kwenye ukingo, kisha virudishwe. Na kabla ya yote hayo, muulize mwenyewe anavyotaka kubebwa. Wapo watu wazima, wengine wazee wanaoheshimika mtaani kwao, waliowahi kupandishwa botini msobemsobe, nguo imepanda magotini mbele ya umati, na hawakusafiri tena. Khanga moja ya ziada ya kufunika miguu ni kifaa cha safari kama breki zilivyo.

Ndani ya boti asibaki kwenye kiti mwendo kama hakuna mikanda ya kukifunga sakafuni. Breki za kiti hushika gurudumu, hazishiki kiti kisipinduke, na kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likivuma Juni hadi Agosti, utaujua umuhimu wa maneno haya. Ahamie kwenye kiti cha boti, lakini mto wake wa kukalia ahame nao. Mtu asiyehisi makalio yake hatajua kwamba saa mbili za kiti kigumu zimempasua ngozi, na kidonda cha mgandamizo huweza kuchukua miezi kupona. Anyanyuliwe au ainamie pembeni kidogo kila baada ya dakika 15 hadi 30.

Choo ndicho wanachokiogopa kuliko mawimbi. Milango ya vyoo vya boti ni myembamba, kwa hiyo wengi hujinyima maji tangu jana yake. Kwa mwenye mpira wa mkojo hilo ni kukaribisha maambukizi. Anywe kidogokidogo, na mfuko wa mkojo uondolewe maji dakika za mwisho kabla ya kupanda.

Ndugu walioko Ulaya na Marekani huniuliza kuhusu zile meli kubwa za kitalii. Huko ulalo huwa mpana na wahudumu wengi, ila matatizo yanahamia kwingine. Pima upana wa kiti kwa sentimita, gurudumu hadi gurudumu, kabla ya kulipa. Milango ya vyumba vya kawaida ni miembamba, na vile vyenye mlango wa sentimita 81 hivi ni vichache, huisha mapema. Kwenye milango ya kutokea nje utakuta vizingiti. Usimlaani fundi: kanuni za usalama wa meli hudai vizingiti kwenye baadhi ya milango, vingine vya milimita 380, ili maji yasiingie. Uliza vipo wapi vibao vya kuvukia. Bandari nyingine meli haifungi gati, inatia nanga na abiria kushushwa kwa vyombo vidogo. Santorini kule Ugiriki ni mfano unaojulikana. Kiti cha umeme chenye uzito wa kilo 100 na zaidi mara nyingi hakiruhusiwi kwenye vyombo hivyo, na kama bahari imechafuka hata chepesi kinaweza kukataliwa. Ukiambiwa hivyo papo hapo utakasirika bure, kwa hiyo uliza bandari kwa bandari kabla.

Abiria wa bandari za Umoja wa Ulaya ana haki ya kusaidiwa kupanda na kushuka bila kulipishwa, kwa kanuni namba 1177 ya mwaka 2010, mradi atoe taarifa angalau saa 48 kabla. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2005 kwamba sheria yao ya watu wenye ulemavu inazigusa pia meli za kitalii zenye bendera ya kigeni zikiwa kwenye maji yao.

Jambo moja nalisisitiza hadi naonekana msumbufu: zoezi la dharura. Tangu Januari 2015, baada ya ajali ya meli ya kitalii Costa Concordia ya mwaka 2012, abiria wapya lazima wafanyishwe zoezi kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Mhudumu mpole anaweza kumwambia mwenye kiti mwendo, "Wewe pumzika chumbani." Asikubali. Lifti hazitumiki wakati wa dharura, kwa hiyo ndiye hasa anayepaswa kujua nani atamteremsha ngazi, kwa kifaa gani, na jina lake limeandikwa wapi.

Mkikaribia kufika, mpigie anayewapokea umwambie mtashuka wa mwisho, na mwombe baharia akitoe kiti kwanza kutoka chini ya mizigo. Maji hayatakuwa pale mlipoyaacha. Yule mama wa kiharusi tulipofika Unguja tulimgeuza, tukaanza kumteremsha kinyumenyume, uso ukitazama baharini. Akanyanyua mkono wake mzima, akamwita mwanawe: "We, mbona mnanirudisha Dar?"