Je, wajua? Mesmerizimu na hipnosisi si kitu kimoja

Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, mvuvi mmoja wa dagaa aliniambia kuwa ukiikodolea macho karabai usiku wa giza, mtumbwi umetulia, unafika mahali huwasikii hata wenzako. Mzee aliyekuwa anaanua dagaa akadakia: "Hiyo ni sumaku ya ziwa." Nikacheka, maana ubishi wao una zaidi ya miaka 200.

Upande wa mzee yuko daktari Franz Anton Mesmer, aliyehamia Paris mwaka 1778. Aliamini kuna ute usioonekana, aliouita sumaku, unaopita katika miili; ute ukikwama, unaugua. Wagonjwa waliketi kuzunguka pipa lenye maji, chupa na chenga za chuma, wameshika fimbo za chuma, naye akiwapitishia mikono. Wengine walitetemeka hadi kuanguka. Huko kuanguka ndiko kupona, alisema. Tiba hiyo ndiyo mesmerizimu.

Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa akaunda tume, wakiwemo mwanasayansi Mmarekani Benjamin Franklin na mkemia Lavoisier. Deslon, mwanafunzi wa Mesmer, akautia "sumaku" mti mmoja bustanini. Mvulana wa miaka 12 akafungwa kitambaa machoni na kupelekwa mti hadi mti. Kwenye mti wa nne akazimia. Ulikuwa mti mwingine kabisa! Tume ikasema wazi: ute haupo, ni fikra za mgonjwa tu.

Wangeishia hapo wangekosea, kwa sababu kuzimia kulikuwa kwa kweli. Aliyelishika hilo ni James Braid, daktari Mskoti wa Manchester. Mwaka 1841 alikwenda kwenye onyesho la mesmerizimu akitarajia kukamata utapeli, akakuta mtu ameshindwa kweli kufumbua macho. Nyumbani akamwambia rafiki yake akazie macho shingo ya chupa, na mke wake Braid mwenyewe akazie bakuli la sukari. Kope zikafunga. Hakuna mikono iliyopita, hakuna pipa. Hali hiyo akaipa jina kutokana na neno la Kigiriki la usingizi, hypnos, ndiyo hipnosisi ya leo, kisha akalijutia, maana si usingizi: ni akili iliyozama kwenye jambo moja.

Kwa hiyo Mesmer aliiweka nguvu kwa mganga, Braid akaiweka kwa mgonjwa mwenyewe. Ndiyo maana hipnosisi bado inatumiwa na baadhi ya madaktari kupunguza maumivu, na pipa limebaki makumbusho.

Nilimuuliza yule mvuvi wa karabai huwa anazindukaje.

"Nahodha akisema vuta, navuta."