Kabla hujaifukuza apt, fungua sources.list.d

Nimechoka kuusikia ushauri huu. Mtu ana laptopu yenye Ubuntu, amejaribu kusakinisha programu, apt, programu inayosakinisha na kusasisha programu nyingine, imemjibu kwamba kuna vifurushi vilivyovunjika, naye anapouliza watu wa kompyuta hapa Nairobi anajibiwa papo hapo: "apt ni ya kizamani, hamia Flatpak." Mwingine anamwambia Nix. Mwingine Nala. Hakuna hata mmoja anayemuuliza swali ambalo lingepaswa kutangulia yote: una hazina ngapi, yaani seva zinazokupa vifurushi, kwenye orodha yako, na ni nani aliyeziweka?

Imani iliyo nyuma ya ushauri huo ni kwamba kisimamizi cha vifurushi ndicho kinacholeta mgongano wa vitegemezi (vifurushi ambavyo kifurushi kingine kinavihitaji), basi ukipata kingine mgongano utakwisha. Si kweli. apt ndiyo inayokuonyesha mgongano, na inakataa kuendelea kwa sababu ikiendelea itakuharibia mashine. Mgongano wenyewe uliingia siku ulipobandika amri ya add-apt-repository, ya kuongeza hazina, uliyoiona kwenye video.

Kuna tabaka tatu na watu wanazichanganya. dpkg hufungua faili la .deb na kuyaweka yaliyomo kwenye diski. apt iko juu yake: inasoma orodha za hazina, inapiga hesabu ya nani anamhitaji nani, inapakua. Kisha kuna hazina yenyewe, na watu wanaoitunza, wanaohakikisha kila maktaba (kipande kinachotumiwa na programu nyingi) iliyomo katika Debian 12 au Ubuntu 22.04 imejengwa ikaelewana na wenzake. Tabaka hili la tatu ndilo lenye thamani. Ukilivuruga, mbele yake unaweza kuweka programu yoyote upendayo na hutapata nafuu.

Ndiyo maana Nala haitakuponya. Inapakua vifurushi kadhaa kwa mpigo, na orodha yake inasomeka vizuri kuliko ya apt, ukiipenda, itumie. Lakini hesabu ya vitegemezi inapigwa na maktaba zile zile za apt, kwa orodha zile zile. Umebadilisha makanga, matatu ni ile ile. apt-fast ni hivyo hivyo. aptitude ina hesabu yake yenyewe na hukupa njia mbili tatu za kuchagua, jambo ambalo mara nyingine husaidia, ila nayo inasoma hazina zako hizo hizo.

Sasa tuingie ndani, kwa sababu hapa ndipo watu hawataki kukaa.

apt hukipa kila chanzo namba ya kipaumbele. Hazina rasmi ya Ubuntu ina 500. PPA uliyoiongeza (hazina ya mtu au kundi la nje) nayo, usipoigusa, ina 500. Vipaumbele vikilingana, toleo la juu ndilo linaloshinda. Maana yake ni kwamba PPA uliyoiweka kwa ajili ya programu moja ina ruhusa kamili ya kukubadilishia maktaba yoyote ambayo mwenye PPA amejenga toleo jipya zaidi. Hukuulizwa, kwa sababu kwa kuiongeza ulikwisha kukubali.

Chukua mfano wa Mesa, maktaba za michoro. Mtu yuko 22.04, anataka michoro iende kasi, anaongeza PPA ya Mesa mpya. Pamoja na Mesa inakuja libdrm2 mpya. Baadaye anafuta faili la PPA ndani ya /etc/apt/sources.list.d akidhani ameiondoa. Hajaiondoa, amefuta anwani tu, maktaba zimebaki. Kisha anataka Wine ya kuendesha programu za Windows, au Steam ya michezo, na hizo zinahitaji libdrm2 ya i386, yaani ya biti 32; mashine yenyewe ni amd64, ya biti 64. Kanuni ni kwamba maktaba ya aina hii ikiwa kwenye mashine kwa amd64 na kwa i386, matoleo lazima yawe sawasawa, hadi herufi ya mwisho. Upande wa amd64 una toleo la PPA, hazina ya Ubuntu ina toleo la chini la i386, na apt haimteremshi mtu toleo bila kuagizwa. Hakuna jibu. Inaandika "you have held broken packages", maneno yanayopotosha kabisa, kwa sababu mtumiaji hajashikilia kifurushi chochote. Hapo ndipo mshauri anapotokea na Flatpak yake.

Dawa inaanza kwa kutazama. Kwanza vifurushi vilivyomo kwenye mashine ambavyo toleo lake halipatikani tena katika hazina yoyote:

LC_ALL=C apt list --installed | grep ',local]'

Kerneli za zamani zinaweza kutokea humo, zisikutie wasiwasi. Ukiona maktaba, ndizo hizo. Chukua moja uiulize:

apt-cache policy libdrm2

Soma jedwali la chini, usiishie kwenye mstari wa Candidate. Kila toleo limeandikwa chanzo chake. Toleo lenye nyota tatu likiwa na chanzo kimoja tu, /var/lib/dpkg/status, basi limebaki yatima. Rudisha ile PPA kwenye orodha, sakinisha ppa-purge, kisha uiite kwa jina la PPA. Yenyewe itateremsha kila kilichotoka huko. Kama PPA imekwisha kufutwa kwenye seva, itabidi uteremshe kwa mkono, jina=toleo kama ulivyoliona kwenye policy, ukiandika la amd64 na la i386 katika amri moja. Tanguliza -s kila mara ili apt iigize tu bila kufanya. Ikikuambia itaondoa ubuntu-desktop, simama hapo. Kifurushi hicho ni tupu, ndani yake mna orodha ya vitegemezi tu, na kukiondoa hakutaonyesha madhara siku hiyo. Madhara yanaweza kuja baadaye, unapoendesha autoremove nayo ikafagia yaliyokuwa yanashikiliwa na orodha ile.

Na kama kweli unaihitaji PPA, ifunge kamba. Andika faili ndani ya /etc/apt/preferences.d:

Package: *
Pin: release o=LP-PPA-jina-la-hazina
Pin-Priority: 100

Thamani ya o= utaipata kwa kuendesha apt-cache policy bila jina la kifurushi. Chini yake, baada ya mstari mtupu, andika sehemu ya pili kwa ajili ya programu uliyoitaka, ukiipa 500. Ikigoma kwa sababu ya kitegemezi kilichoachwa kwenye 100, ongeza hicho kimoja tu. Ni kazi ya dakika tano, nami nasisitiza: mashine nyingi zinazosemekana "zimeuawa na apt" zingepona kwa mistari hiyo mitatu.

Firefox inaonyesha jambo hili vizuri. Tangu 22.04, kifurushi cha firefox katika hazina ya Ubuntu ni daraja tu, kinakusakinishia snap, yaani kifurushi cha mfumo mwingine wa Ubuntu ulio nje ya apt. Toleo lake linaanza na 1:1snap1. Ile "1:" ya mwanzo hulinganishwa kabla ya namba nyingine zote, kwa hiyo Firefox yoyote isiyo nayo, hata ingekuwa toleo la 900, inahesabiwa kuwa ya chini. Ndiyo sababu ukiongeza hazina ya apt ya Mozilla yenyewe bila kuipa kipaumbele, unarudishiwa snap. Inahitaji 1000, kwa kuwa kuanzia 1000 apt inakubali hata kuteremsha toleo.

Baada ya hayo, visimamizi vingine vina kazi yake, na sitaki mtu aseme ninavichukia.

Flatpak inafaa kwa programu za mezani unazotaka ziwe mpya juu ya mfumo usiobadilika: LibreOffice, GIMP, OBS. Programu ya kwanza inakuja na msingi wake, yaani maktaba za kuiendesha, wa mamia ya megabaiti. Ya pili inayotumia msingi ule ule ni nyepesi. Shida ni kwamba programu hazikubaliani msingi upi, na ukizubaa utajikuta na matoleo matatu ya msingi wa GNOME. flatpak uninstall --unused ifanye kuwa desturi. Mwenye kadi ya Nvidia ajue pia kwamba kila draiva ya mfumo inapobadilika toleo, Flatpak inapakua nakala yake ya draiva hiyo upya, nayo si ndogo.

Snap inakagua masasisho mara nne kwa siku. Kwa mwenye fiba nyumbani si neno. Kwa anayefanya kazi kwa hotspoti ya simu, bando lote linaweza kuishia kwenye msingi wa GNOME na Firefox kabla hajafungua barua pepe. Mfumo una kinga, ila watu hawaambiwi:

sudo snap set system refresh.metered=hold
nmcli connection modify "jina la hotspoti" connection.metered yes

Zinahitajika zote mbili. NetworkManager hujaribu kukisia kama mtandao ni wa kulipia, lakini usiukabidhi ukisiaji huo bando lako. snap refresh --hold nayo ipo, ila ukiiacha bila kikomo cha muda umejifungia kivinjari bila viraka vya usalama, na sikushauri.

AppImage, yaani programu nzima ndani ya faili moja: libfuse2 ambayo nyingi zinaihitaji haiwekwi tena kwa kawaida tangu 22.04, na kwenye 24.04 inaitwa libfuse2t64. Hakuna atakayekusasishia. Basi.

Nix ni jambo jingine kabisa, na wanaoipigia debe wana hoja. Eelco Dolstra aliieleza katika tasnifu yake ya mwaka 2006: kila kifurushi kinakaa kwenye folda yake ndani ya /nix/store, jina likiwa na alama inayotokana na vyote vilivyotumika kukijenga. Matoleo mawili ya maktaba moja hayakutani, na kurudi nyuma ni amri moja. apt haina hilo, na hapa sina utetezi: sasisho likiharibika katikati, apt haikurudishi ulikotoka, ndiyo maana watu wanaegemea Timeshift, inayohifadhi nakala za mfumo za kurudia. Skripti za ndani ya .deb nazo huendeshwa kwa mamlaka ya root, mtumiaji mwenye uwezo wote; .deb ya kampuni yoyote inaweza kufanya lolote, na ya Google Chrome, kwa mfano, inajiongezea hazina yake yenyewe kwenye orodha yako. Kwa timu ya waandishi wa programu inayotaka mazingira sawa kwenye kila laptopu, ningechagua Nix. Kwa mhasibu au mwanafunzi, hapana. Gharama yake ni diski, ikiwemo glibc (maktaba ya msingi ya mfumo) yake yenyewe, na programu za michoro ya OpenGL zinazoshindwa kuiona draiva ya mfumo mpaka uzifunike na nixGL. Laptopu ya mtumba yenye SSD ya GB 128 haivumilii hayo muda mrefu bila nix-collect-garbage.

Kwenye usalama ndiko ninakoyumba. Septemba 2023 kasoro ya libwebp, maktaba ya picha za WebP, iliyopewa namba CVE-2023-4863, ilionyesha nguvu ya hazina moja: maktaba ilirekebishwa mara moja, na kila programu ya apt iliyoitegemea ikapona. Programu zilizobeba nakala yake tumboni, zote za Electron (zinazobeba kivinjari ndani yake) zikiwemo, zilisubiri kila mtengenezaji kwa wakati wake. Hiyo ni hoja ya apt. Lakini programu iliyotoka kwa apt inasoma folda yako yote ya nyumbani, funguo za SSH za kuingilia seva na kila kitu, ilhali Flatpak inaweza kuizungushia uzio. Inaweza, nasema, kwa sababu nyingi huja zimeomba filesystem=home, na uzio huo ni wa jina tu; tazama kwa flatpak info --show-permissions. Kwa kivinjari na programu za ofisi naamini hazina. Kwa programu ya mtu nisiyemjua, naona uzio wenye matundu bado ni bora kuliko kukosa uzio. Atakayekuambia upande mmoja umeshinda hajayatazama yote mawili.

Kuhusu kasi: apt ikikokota, mara nyingi ni seva. Ukichagua Nairobi wakati wa kusakinisha Ubuntu, orodha yako inaelekezwa ke.archive.ubuntu.com. Seva ya nakala ikiwa katikati ya kujisawazisha, utaona "File has unexpected size". Subiri kidogo, au badilisha anwani, usifute chochote. Vivyo hivyo kwenye /var/lib/dpkg/lock-frontend: kufuli hilo mara nyingi limeshikwa na unattended-upgrades, inayokuwekea viraka. Ukilifuta kwa rm, programu mbili zinaweza kuandika kwenye kumbukumbu moja ya dpkg kwa pamoja.

Ofisi, shule au cyber yenye mashine kumi ina suluhisho ambalo apt inalitoa kwa urahisi kuliko wengine wote. Weka apt-cacher-ng, inayohifadhi nakala za vifurushi, kwenye mashine moja, na kwenye nyingine zote faili /etc/apt/apt.conf.d/01proxy lenye mistari hii:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";
Acquire::https::Proxy "DIRECT";

Kifurushi kinapakuliwa mara moja, tisa zilizobaki zinakichota ndani ya jengo. Mstari wa pili usiusahau, la sivyo hazina za https zitakataliwa na mtu aseme tena apt imeharibika. Saini za hazina bado zinakaguliwa kwenye kila mashine, kwa hiyo kupita katikati hakupunguzi usalama. Ukitaka kubeba programu kwa flashi, snap download hukupa .snap pamoja na .assert yake, faili la kuthibitisha uhalali wake (endesha snap ack kwanza, kisha sakinisha), na Flatpak ina create-usb, mradi umeiwekea flathub kitambulisho cha org.flathub.Stable.

Mwisho, kwa walio bado 22.04: do-release-upgrade huzima hazina zote za nje kabla ya kupanda, lakini haiteremshi maktaba zilizokwisha kuingia. Endesha ppa-purge kwa kila PPA kabla, hakikisha ile orodha ya ',local]' haina maktaba, ndipo uanze kupanda. Hazina unazozihitaji kweli utazirudisha ukifika 24.04, moja moja, kila moja na faili lake la kipaumbele.