Kabla hujamwambia mtoto "tulia"

Mwalimu amesimama mbele ya darasa, mishipa ya shingo imemtoka, sauti iko juu, anawaamuru watoto watulie. Watoto wananyamaza. Anashusha pumzi na kuendelea na somo akiamini wametulia, ilhali wengi wao wamenyamaza tu. Mtoto aliyenyamazishwa na hofu moyo wake unakwenda mbio, viganja vimelowa jasho, macho yako ubaoni na hakuna kinachoingia kichwani.

Mimi ni mshauri nasaha wa shule. Kwa miaka yote ya kazi hii nimekuwa nikiitwa "kuwafundisha watoto kutulia", nami huitikia kwa moyo mkunjufu, kwa sababu naamini jambo hili hufundishika kama kusoma na kuhesabu. Ila siku hizi, kabla sijakutana na watoto, naomba kwanza muda wa kukaa na walimu wao. Wengine hushangaa, hasa pale ninapowaambia kwamba zoezi la kwanza ni lao.

Kwanza niseme tunafundisha nini: ni umakinifu (kwa Kiingereza, mindfulness), na neno lenyewe lina mtego. Mwalimu akisikia "umakinifu" hufikiri ni kule kuukodolea macho ubao. Tunachokusudia ni mtu kujua jambo linapotokea kwamba linatokea: pumzi inaingia, goti linatikisika, kifua kimebana, mawazo yameshatoka darasani yako kwenye mchezo wa jana. Ukishajua, unarudi. Yakitoroka tena, unarudi tena. Watoto hudhani wameshindwa pale mawazo yanapotoroka. Huwaambia kwamba hapo ndipo zoezi linapoanza.

Mazoezi haya yana mizizi ya kale katika Ubudha, lakini sura yake ya leo isiyofungamana na dini ilipata umbo hospitalini. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn wa kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, alianzisha mafunzo ya wiki kadhaa kwa wagonjwa, wengi wao wakiwa na maumivu yasiyokwisha. Walikuwa watu wazima, walikuja kwa hiari yao, na walijua wanachokitafuta. Nayataja haya matatu kwa makusudi, kwa kuwa mtoto aliyeketi darasani hana hata moja. Ukichukua zoezi la mtu mzima ukalipunguza dakika tu, unakuwa umemkatia mtoto suruali ya baba yake bila kumpima kiuno.

Kwa watoto wa miaka sita au saba mimi hutumia kengele ndogo. Naigonga mara moja, wanasikiliza, na kila mmoja ananyoosha mkono pale ambapo hasikii tena mlio. Nusu dakika inatosha. Kisha nawauliza, "Umegundua nini?" Siwaulizi kama wamejisikia vizuri. Ukiuliza hivyo, watoto hukupa jibu unalolitaka, na kuanzia siku hiyo wanaanza kuigiza utulivu. Ukiuliza wamegundua nini, mmoja atasema amesikia tumbo lake likinguruma, mwingine kwamba kengele iliisha lakini kichwani mwake bado inalia, na wa tatu kwamba alichoka kusubiri. Yote ni majibu sahihi. Yule aliyechoka kusubiri ameugundua uchovu wake, na si watu wazima wengi wanaouweza huo ugunduzi.

Kuhusu pumzi, kuna kosa moja linalonisumbua kwa sababu limeenea mno. Mtoto amekasirika, anaambiwa "vuta pumzi ndefu." Anavuta mpaka mabega yanagusa masikio, anarudia mara tano kwa haraka, anapata kizunguzungu, na hasira iko palepale. Mwili una utaratibu wake: hewa inapoingia mapigo ya moyo huongezeka kidogo, inapotoka hupungua. Kinachotuliza hasa ni kule kuitoa taratibu. Kwa hiyo mimi humwambia mtoto apulize kama mtu anayetaka mwali wa mshumaa uyumbe bila kuzimika. Akizingatia mwali, uvutaji wa hewa hujipanga wenyewe.

Wadogo hupenda pia zoezi la kobe. Lipo katika mpango wa shule uitwao PATHS, ulioandaliwa na Mark Greenberg na Carol Kusché, na asili yake ni ya zamani zaidi. Hasira zikipanda, mtoto anasimama, anajikunja kama kobe aliyeingia gambani, anapumua, halafu anatoka na kusema tatizo ni nini na yeye anajisikiaje. Walimu wengi hufundisha kuingia gambani na kuishia hapo. Kobe lazima atoke aseme, na lazima pawe na mtu wa kumsikiliza. Vinginevyo tumemfundisha mtoto kujifungia. Zoezi hili pia hufanywa siku shwari, mara nyingi, mpaka mwili ulizoee. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayouzuia mkono usirushe jiwe, huendelea kukomaa hadi mtu anapofika miaka ya ishirini na kitu. Tusitarajie mtoto wa miaka minane aitumie kwa mara ya kwanza katikati ya ugomvi.

Sasa nije kwenye maneno, ambapo napenda kukaa kuliko mahali pengine popote. Watoto wengi ninaozungumza nao wana maneno matatu ya hisia: niko poa, najisikia vibaya, nimekasirika. Ukiwa na maneno matatu, kila linalokusumbua litaingia katika mawili ya mwisho. Na hali Kiswahili kimesheheni. Kuna hamaki, inayolipuka ghafla. Kuna ghadhabu, iliyo nzito kuliko hasira. Kuna kinyongo, kinachofugwa moyoni kimyakimya kwa wiki nzima huku uso ukitabasamu. Kuna kero, ya jambo dogo linalojirudia. Kuna uchungu, ambao umepakana na huzuni. Kuna wivu wa kutamani alicho nacho mwenzio, na kuna husuda ya kutamani akikose. Ukiwapa watoto wa miaka kumi maneno haya wayabishanie, utasikia mjadala mkali kuliko wa somo lolote, na ndani ya mjadala huo wanasema mambo yao wenyewe bila kujua kwamba wanayasema.

Kuna faida ya kitaalamu pia. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti ambao watu wazima walionyeshwa picha za nyuso zenye hasira au hofu huku ubongo wao ukipigwa picha. Walipochagua neno la kuitaja hisia iliyo usoni, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika sana na hatari, ilipunguza kazi kuliko walipochagua jina la mtu linaloendana na uso ule. Kuitaja hisia kwa jina lake kulifanya kitu mwilini.

Nakumbuka mtoto mmoja aliyeletwa kwangu kwa sababu ya "hasira". Kila matokeo ya mtihani yaliposomwa kwa sauti, yeye alipiga teke dawati na kutoka nje. Alikuwa ameshaadhibiwa mara kadhaa kwa hasira hizo. Tulipokaa na orodha yetu ya maneno, kidole chake kilipita juu ya hasira bila kusimama, kikapita juu ya uchungu, kikasimama juu ya fedheha. Hilo moja lilibadilisha kila kitu tulichopaswa kufanya. Mwenye hasira unaweza kumpa nafasi apoe. Mwenye fedheha hudaiwa heshima yake, na huwezi kumrudishia kwa kumfundisha kupumua. Matokeo yake yakaanza kutolewa kwenye karatasi, ana kwa ana. Mateke yakakoma.

Lugha yetu inatusaidia kwa namna nyingine. Tunasema hasira zimenipanda, zimenishuka, nimeshikwa na hofu, huzuni imenijia. Hisia inakuja na kuondoka, na mtu anabaki yuleyule. Mwalimu anayesema "naona hasira zimekupanda" amemwachia mtoto njia ya kushuka. Anayesema "wewe ni mkorofi" amemfungia mlango. Tunayo pia misemo inayoanzia mwilini: tumbo joto, koo limenikaba, moyo mzito, mwili umekufa ganzi. Mtoto asiyeweza kutaja hisia karibu siku zote anaweza kutaja mahali. Muulize iko wapi, jina litafuata baadaye.

Nikiri jambo ambalo nililifanya vibaya. Nilipoanza kazi hii niliwaambia watoto wote wafumbe macho. Mmoja hakufumba. Nikamwomba tena, kwa upole kabisa, nikidhani ni utundu. Alitii, na baada ya muda mfupi alikuwa anatetemeka. Kwa mtoto aliyewahi kuumizwa, giza la macho yaliyofumbwa linaweza kuwa mahali ambapo kumbukumbu zinamsubiri. Tangu siku hiyo sijaamuru mtu yeyote afumbe macho. Anaweza kutazama sakafu. Anaweza kuacha pumzi akasikiliza nyayo zake zinavyogusa ardhi, jambo linalowafaa sana wenye pumu, ambao kwao kufuatilia pumzi si starehe hata kidogo. Anaweza pia kukaa tu bila kufanya zoezi, na asiulizwe kwa nini.

Tahadhari hii inaungwa mkono na tafiti kubwa. Nchini Uingereza ulifanyika utafiti uitwao MYRIAD, ambao matokeo yake makuu yalitolewa mwaka 2022: shule 85, zaidi ya wanafunzi 8,000 walioanza wakiwa na miaka 11 hadi 13. Baadhi ya shule zilifundisha umakinifu, nyingine ziliendelea na mafunzo yao ya kawaida ya hisia na mahusiano. Afya ya akili ya wanafunzi haikutofautiana. Wengi hawakuwa wakifanya mazoezi nyumbani, na kwa wale waliokuwa tayari katika hatari ya matatizo ya akili kulikuwa na dalili kwamba huenda mafunzo hayakuwafaa. Waliopata nafuu, angalau kwa muda, ni walimu: uchovu wao wa kazi ulipungua, na hali ya shule kwa jumla ikawa bora.

Wapo waliosoma matokeo hayo wakasema tuachane na jambo hili. Mimi niliyasoma nikaona mlango wa kuingilia, nao ni mwalimu. Nayaweka kando ya utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2016, wa Eva Oberle na Kimberly Schonert-Reichl, huko Kanada. Walipima kotisoli, homoni inayohusiana na msongo, kwenye mate ya wanafunzi zaidi ya 400 wa shule za msingi. Katika madarasa ambayo mwalimu alikuwa amechoka zaidi na kazi, kotisoli ya asubuhi ya watoto ilikuwa juu zaidi. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi nani alimwambukiza nani. Huenda darasa gumu ndilo lililomchosha mwalimu. Lakini kila aliyewahi kufundisha anajua kwamba watoto huusoma uso wa mwalimu kabla hajafungua kitabu.

Wala hisia kwa jumla si jambo la pembeni. Mwaka 2011 Joseph Durlak na wenzake walikusanya tafiti za mipango 213 ya kufundisha stadi za hisia na mahusiano shuleni, yenye wanafunzi zaidi ya 270,000. Tabia ziliboreka, na ufaulu pia: kwa wastani, mwanafunzi aliyekuwa katikati ya wenzake alisogea kama nafasi 11 katika kila mia. Mipango iliyofundishwa na walimu wa darasa wenyewe ilifanya vizuri, na iliyofanya vizuri ilikwenda hatua kwa hatua, kwa vitendo, kwa muda uliotengwa. Kikao kimoja cha mgeni kama mimi hakifikii hapo.

Ndiyo maana saa yangu na walimu haihusu watoto hata kidogo. Tunafanya jambo moja: kila mmoja anatafuta mahali mwilini mwake ambapo hasira huanzia. Mmoja ni taya, mwingine ni mabega, mwingine huhisi masikio yanapata moto. Kisha tunakubaliana kwamba kwa wiki mbili, kila mtu akihisi mahali pake, atashusha pumzi moja kabla ya kusema. Pumzi moja tu. Na pale atakaposhindwa, atawaambia watoto, "Nimewapigia kelele, hasira zilinipanda, samahani." Wengi huogopa kwamba watoto watawadharau. Walionirudishia habari wanasema watoto walianza kuombana msamaha wao kwa wao.

Kuna mambo mawili ninayokataa nikialikwa. La kwanza ni zoezi la kupumua kugeuzwa adhabu, mtoto apelekwe kwenye kona "akatulie" mbele ya wenzake. Mkifanya hivyo mara tatu, kona ile hatoitumia tena kwa hiari yake. La pili linaniuma zaidi: shule inayotaka watoto wafundishwe kuvumilia jambo ambalo watu wazima wanapaswa kulikomesha. Mtoto anayeonewa kila siku njiani kuelekea darasani wasiwasi wake una akili timamu, unamwambia ukweli. Huyo hahitaji mshumaa wa kupuliza. Anahitaji mtu mzima asimame kwenye hiyo njia.

Na wapo ambao darasa haliwatoshi. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya mtu kufikisha miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18, kwa hiyo mwalimu atakutana nayo apende asipende. Mtoto aliyejitenga na marafiki aliowapenda, anayesinzia kila siku, aliyeacha kula, mwenye alama za kujikata, anayesema wenzake wangekuwa na nafuu yeye asingekuwepo: huyo apelekwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake wakati mipango inafanywa. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua; swali hilo halimpandikizii wazo. Wala usimwahidi kutunza siri, hata akikuomba kwa machozi. Mimi humwambia mapema, kabla hajaanza kueleza: "Ukiniambia jambo linaloweza kukuumiza, nitalazimika kumwambia mtu wa kutusaidia, na wewe utakuwa wa kwanza kujua ni nani." Wengine hunyamaza kidogo wakilipima hilo. Nawangoja, nyayo zangu zikiwa chini, nikitoa pumzi taratibu.